Kutoka "Tulipigana" hadi "Alinipiga": Safari ya Malalamiko ya Nyumbani Mbele ya Sheria

Utangulizi

Siri ya mtungi, walisema wahenga, aijuaye ni kata. Methali hii hutumiwa aghalabu kuwazuia majirani wasijiingize katika ndoa ya wenzao, na si ajabu kuisikia hata mdomoni mwa askari aliyeketi nyuma ya meza ya kituo cha polisi. Hata hivyo, mtungi ukishavunjika, maji hayana budi kumwagika hadharani. Kwa mujibu wa Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2022, asilimia 34 ya wanawake nchini Kenya wenye umri wa kati ya miaka 15 na 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza umri wa miaka 15. Si wote walioumizwa na waume zao, wala si wanawake peke yao wanaoumizwa nyumbani. Sheria inayojadiliwa hapa humlinda mume sawa na inavyomlinda mke. Ila idadi hiyo yatosha kuonyesha kwamba jambo lenyewe si la nyumba moja.

Fasihi ya Kiswahili haikulifumbia macho. Msomaji wa Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi anamkumbuka Zakaria na vipigo alivyompa Regina. Kidonda kimechorwa na waandishi wetu kwa ustadi. Kinachofuata baada ya mlango wa kituo cha polisi, kwa upande mwingine, kimeachiwa zaidi wanasheria, nao kwa kawaida huandika kwa Kiingereza. Makala haya yananuia kuifuata njia hiyo hatua kwa hatua katika sheria za Kenya, na kuonyesha kwamba neno la kwanza linaloandikwa kituoni, ambalo mara nyingi limetamkwa kwa Kiswahili, laweza kuamua kesi nzima kabla hakimu hajaiona.

Kitabu cha matukio na kauli ya kutendana

Malalamiko huanzia katika kitabu cha matukio, kile ambacho wananchi wengi hukiita "obi" kwa kufuata herufi mbili za jina lake la Kiingereza. Kila tukio hupewa nambari inayoambatana na tarehe na saa. Nambari hiyo si karatasi ya heshima tu. Ndiyo inayothibitisha kwamba malalamiko yalipokelewa siku fulani, na ndiyo itakayodaiwa hospitalini, kwa afisa wa upelelezi na hata mahakamani. Mlalamishi anayeondoka kituoni bila nambari ni vigumu kwake kuthibitisha kwamba aliwahi kufika.

Sasa na yazingatiwe mazungumzo ya mfano, ambayo yeyote aliyewahi kukaa katika foleni ya kituo atayatambua:

"Mama, shida ni nini?"

"Tulipigana na baba watoto jana usiku."

Mwanamke huyu ana jicho lililovimba na mkono aliouning'iniza kwa kanga. Hakumpiga mtu. Pamoja na hayo amesema "tulipigana". Kwa nini?

Kisarufi, kiambishi -an- huunda kauli ya kutendana: kila mmoja ni mtenda na kila mmoja ni mtendwa. Kiambishi nafsi tu- kinamwingiza msemaji ndani ya kundi la watenda, na kihusishi "na" kinamfanya mume kuwa mwenzake katika tendo. Katika mazungumzo ya kawaida, hata hivyo, muundo huu hutumika kama tafsida. Mke aliyelelewa kumstahi mumewe mbele ya wageni hapendi kusema "mume wangu alinipiga". Husema "tulikosana", "tulizozana", "tulikorofishana kidogo". Adabu ya lugha inamtaka augawe mzigo wa lawama hata pale ambapo hakuna wa kugawana naye. Majirani na mashemeji wakimsikia huelewa vyema nani alimpiga nani, kwa sababu wanaijua nyumba. Askari haijui nyumba. Anaandika alichoambiwa, tena mara nyingi kwa Kiingereza, na katika tafsiri hiyo adabu yote humwagika. Kinachobaki ni watu wawili waliopigana.

Matokeo yake si madogo. Watu wawili waliopigana waweza wote kutazamwa kama washukiwa. Kifungu cha 95 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, kinalitambua kosa la kuzua vurugu kwa namna inayoweza kuvuruga amani, na kosa hilo halijali nani alianza. Hata pale ambapo askari ni mwema, tukio lililoandikwa "ugomvi wa nyumbani" hutafutiwa suluhu ya ugomvi: rudini nyumbani, witeni wazee, mpatane. Nomino "ugomvi" yenyewe inafaa kutazamwa kwa makini. Imetokana na kitenzi "gomba", lakini katika kugeuka nomino imepoteza mtenda na mtendwa. Katika ugomvi hakuna aliyepiga wala aliyepigwa. Kuna hali ya hewa tu, kama mvua. Kosa la jinai haliwezi kusimama juu ya hali ya hewa. Linahitaji kiima, kitenzi na yambwa: fulani alimpiga fulani.

Kitenzi "piga" nacho kina tatizo lake. Ni kitenzi kipana mno, kinachobeba kofi na panga kwa uzito mmoja, licha ya kupiga simu na kupiga pasi. Taarifa ya polisi inahitaji zaidi: alimzaba kofi, alimkaba koo, alimsukuma akaangukia jiko, alimchapa kwa mshipi wa suruali, mara ngapi, kwa mkono upi, sehemu gani ya mwili. Kiswahili hakina uhaba wa vitenzi hivi. Uhaba uko katika desturi ya kuvitamka mbele ya mtu asiyefahamika.

Ndiyo maana Sheria ya Ulinzi dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani ya mwaka 2015 inamruhusu mlalamishi kuchagua kuandikisha taarifa mbele ya afisa wa jinsia yake. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 6, inamwekea askari wajibu wa kumweleza mlalamishi misaada aliyo nayo: matibabu, mahali pa kujihifadhi, haki ya kuomba amri ya ulinzi mahakamani, na haki ya kufungua malalamiko ya jinai. Hatakiwi kungoja aulizwe. Ni wajibu wake kueleza. Baadhi ya vituo vina dawati la jinsia kwa kazi hii. Taarifa ikishaandikwa, mlalamishi husomewa kabla hajaitia sahihi, na hapo ndipo anapopaswa kuomba maneno yasahihishwe ikiwa hayakubeba alichokusudia. Sahihi ikishawekwa, maneno yamekuwa yake, hata yale ambayo hakuyasema.

Sheria hii ya 2015 ilipanua pia maana ya unyanyasaji kuliko wengi wanavyodhani. Ndani yake mna kumtukana mtu na kumdhalilisha, kumnyima matumizi kwa nia ya kumtawala, kumfuatafuata, kuharibu mali yake, kumfungia nje ya nyumba anamokaa, hata kuingiliwa na wakwe. Mtu anayesema "hajanipiga bado" akidhani kwamba hana la kuripoti amekosea.

Fomu ya P3

Hatua inayofuata ni ya hospitalini. Matibabu hutangulia fomu, wala asiwepo wa kumwambia mgonjwa angoje karatasi huku damu ikimtoka. Fomu ya P3 hutolewa na polisi bila malipo. Afisa hujaza sehemu ya kwanza, na tabibu hujaza zinazofuata baada ya kumchunguza aliyeumia na kupitia karatasi za matibabu. Kwa ukatili wa kingono kuna fomu nyingine ya huduma baada ya ubakaji, na kufika hospitalini katika muda wa saa 72 ni muhimu kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hazifai kuanzishwa baada ya hapo.

Katika P3 tabibu hutakiwa kutaja kiwango cha jeraha, na viwango hivyo vimefafanuliwa katika kifungu cha 4 cha Kanuni ya Adhabu. Kuna madhara ya kawaida, yaani maumivu au ugonjwa wowote uwe wa muda au wa kudumu. Kuna kulemazwa, yaani kuharibiwa kabisa kwa kiungo au mlango wa fahamu. Na kuna madhara makubwa, yanayohatarisha uhai au kuiharibu afya vibaya. Neno moja la tabibu hapa lina uzito wa miaka. Shambulio la kawaida, chini ya kifungu cha 250, lina adhabu isiyozidi kifungo cha mwaka mmoja. Shambulio lililosababisha madhara ya mwili, chini ya kifungu cha 251, ni hadi miaka mitano. Kusababisha madhara makubwa, chini ya kifungu cha 234, adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha. Jeraha lililopona kabla ya kuchunguzwa hushuka daraja, si kwa sababu halikuwa kubwa, bali kwa sababu hapana tena wa kulishuhudia.

Kesi ni ya nani?

Hapa ndipo walalamishi wengi wanapopigwa na butwaa. Mshukiwa akikamatwa, Ibara ya 49 ya Katiba ya mwaka 2010 inataka afikishwe mahakamani katika muda wa saa 24, au mwisho wa siku ya kwanza ya mahakama ikiwa saa hizo zinaishia nje ya muda wa kazi. Ibara hiyo hiyo inampa haki ya kuachiliwa kwa dhamana ila kuwe na sababu nzito za kumnyima, na polisi nao wana uwezo wa kumpa dhamana kituoni. Kwa hivyo mume aliyekamatwa Ijumaa usiku aweza kuonekana mlangoni Jumamosi. Mke huona kana kwamba serikali imemcheza shere, na majirani hutangaza kwamba kesi imekwisha. Haijakwisha. Dhamana ni ahadi ya kurudi mahakamani. Haimwondolei mtu hatia wala haimfutii mashtaka. Lisilojulikana sana ni kwamba Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka 2014 inampa mwathiriwa haki ya usalama wake na wa jamaa zake kuzingatiwa pale masharti ya dhamana yanapowekwa. Mlalamishi aweza kumweleza afisa wa upelelezi au kiongozi wa mashtaka kwamba anaogopa, na kuomba mshtakiwa azuiwe kumkaribia. Asiponena, mahakama haina njia ya kujua.

Kesi ikisajiliwa, jina lake huwa Jamhuri dhidi ya fulani. Jina la mke halimo. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ndiyo inayoamua mashtaka na kuyaendesha. Mlalamishi ni shahidi, kwa kawaida shahidi wa kwanza. Anayesema "nimemshtaki mume wangu" anatumia lugha ya baraza la wazee, ambako mwenye malalamiko ndiye mwenye shauri. Sheria ya jinai ina mantiki tofauti: aliyepigwa ni raia, na anayedai ni dola.

Mantiki hii hujitokeza wazi wazi pale mke anapotaka "kuitoa kesi". Sababu za kutaka hivyo ni nyingi na si zote za kulaumiwa. Karo ya watoto hulipwa na aliye rumande. Shamba limeandikwa kwa jina lake. Wakwe wamekuja na mbuzi na maneno matamu, au na vitisho. Kifungu cha 204 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamruhusu mlalamishi kuomba kuondoa malalamiko wakati wowote kabla ya amri ya mwisho, lakini lazima airidhishe mahakama kwamba kuna sababu za kutosha. Hakimu akiridhika na kukubali, mshtakiwa huachiliwa kama asiye na hatia. Kifungu cha 176 nacho kinaihimiza mahakama kukuza upatanisho katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi, mradi tu yasiwe makosa makubwa ya jinai wala yasiwe yametendwa kwa ukali uliozidi. Pazingatiwe mpaka huo. Aliyevunjwa taya hadi akapata madhara makubwa hawezi kuambiwa kwamba kifungu hiki kinamruhusu mzee wa mtaa kulimaliza shauri lake kwa faini ya mbuzi.

Na je, mke akikataa tu kutoa ushahidi? Kwa kawaida sheria hulinda siri za mume na mke. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi, hata hivyo, kinaondoa kinga hiyo pale ambapo kosa lilitendwa dhidi ya mwili au mali ya mwenzi mwenyewe, au ya watoto wao. Aweza kuitwa na kulazimishwa kufika. Kata, kwa maneno mengine, hutakiwa kuitoa siri ya mtungi.

Suala moja linabaki na doa. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006, kinachoeleza matendo yasiyo halali, kinasema kwamba hakiwahusu waliooana kisheria. Kwa hiyo mke aliyelazimishwa kitandani hukuta mlango wa shtaka la ubakaji umebanwa, ilhali sheria ya 2015 inautaja wazi ukatili wa kingono ndani ya ndoa kuwa unyanyasaji. Sheria mbili za Bunge moja zinalitazama tendo lile lile kwa macho mawili. Mlango ulio wazi kwa mke huyo ni ule wa amri ya ulinzi.

Amri ya ulinzi

Amri hii huombwa katika mahakama ya hakimu na haitegemei kuwepo kwa kesi ya jinai. Mwenye kuomba si lazima awe mke wa ndoa. Aweza kuwa mchumba, mtalaka, mzazi mwenziwe au jamaa wa familia. Panapokuwa na hatari, hakimu aweza kutoa amri ya muda kabla mlalamikiwa hajasikilizwa, kisha akamwita aje ajitetee. Amri yaweza kumkataza mlalamikiwa asimpige mwombaji, asimtishe, asimfuate kazini, hata asikanyage nyumba wanamoishi. Kuivunja ni kosa la jinai.

Huko pwani na kaskazini mashariki huongezeka utata mdogo: mke Mwislamu hudhani kwamba kwa kuwa ndoa yake ni ya kadhi, kipigo nacho ni cha kadhi. Ibara ya 170 ya Katiba inaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya hadhi ya kibinafsi, ndoa, talaka na urithi wa Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake. Talaka aweza kuidai huko. Kipigo ni cha hakimu.

Kizimbani

Lugha ya mahakama za chini, kwa mujibu wa kifungu cha 198 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, ni Kiingereza au Kiswahili. Ibara ya 7 ya Katiba imezifanya lugha hizo mbili kuwa rasmi, na Ibara ya 50 inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kupewa mkalimani bila malipo. Katika utendaji, shahidi hutoa ushahidi kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, karani hutafsiri panapohitajika, na hakimu huandika kwa Kiingereza. Rekodi itakayosomwa na Mahakama Kuu wakati wa rufaa ni hiyo ya Kiingereza. Hakuna atakayeisikia tena sauti ya shahidi.

Mahakama zenyewe hazikulala juu ya suala la tafsida. Katika kesi za watoto walionajisiwa, Mahakama ya Rufani imekubali kwamba kauli kama "alinifanyia tabia mbaya" yaweza kueleweka kuwa inamaanisha tendo la ngono, kwa kuzingatia umri wa mtoto na haya ya utamaduni wake. Huo ni uamuzi wa kipragmatiki kwa kila hali, ingawa majaji hawakuuita hivyo, na ungestahili kusomwa katika madarasa ya semantiki. Kwa mtu mzima anayeficha kipigo ndani ya kauli ya kutendana, ni vyema asitegemee huruma hiyo.

Kwa maana wakili wa utetezi ana nakala ya taarifa. Miezi kadhaa imepita, jicho limepona, na mwanamke yule wa mfano amesimama kizimbani akieleza, safari hii kwa ufasaha, jinsi alivyokabwa koo na kusukumwa ukutani. Wakili anainua karatasi na kumsomea sentensi ya kwanza aliyoitia sahihi, kwamba alipigana na mumewe. "Ni wewe uliyesema hivi?" "Ni mimi." "Kwa hiyo mlipigana?" Hapo shahidi humtazama karani kama anayeomba neno. Kiongozi wa mashtaka ana nafasi ya kumhoji tena baada ya wakili kuketi, na akiwa anaijua lugha ya mashahidi wake, swali lake la kwanza litakuwa: "Mama, ulipomwambia askari kwamba mlipigana, wewe ulimpiga wapi?"